Tulimpokonya Mzee funguo za gari kikaoni, halafu nikakutana na zile taa

Wakuu, nawasalimu wote, mlio kazini na mlio kwenye foleni mahali huku mnachungulia simu.

Jana nimesoma uzi wa yule mdau ambaye baba yake amezeeka na hataki kuacha kuendesha gari. Karibu wachangiaji wote mmemwambia kitu kimoja: mnyang'anyeni funguo, mzee atawaulia watu.

Sikuchangia. Imenichoma kweli.

Basi naomba niwaeleze yaliyotokea kwetu. Sina haja ya kuongeza chumvi, iliyopo inatosha. Na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga. Mtaona ni sehemu nyingi.

Hii ni miaka ile soko huria limeshakolea. Mashirika yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, mitumba ya Japani inashuka bandarini kila kukicha na kila mwenye mafao yake anawaza gari.

Mzee wangu alikuwa dereva wa lori la magogo. Asili yetu ni Machame, lakini kazi ilimleta huku mlima Meru akiwa kijana, akapata kiwanja na kijishamba Olmotonyi, akajenga, akakaa. Zaidi ya miaka thelathini anashusha magogo kutoka msituni, masika na kiangazi, kwenye utelezi ambao wewe na mimi hata kutembea kwa miguu tungeanguka. Hajawahi kupindua lori. Hilo alikuwa halisemi, ila ukikaa naye utalijua tu.

Alipopunguzwa kazini akanunua saluni nyeupe ya Kijapani. Tayari ilikuwa imezeeka, lakini kwake ilikuwa mpya. Alfajiri anateremsha maziwa ya Mama mjini, mchana anarudi, Jumapili anapeleka watu kanisani. Wakuu, ile gari ndiyo iliyomfanya asijione ni mtu aliyepunguzwa.

Sasa sikilizeni.

Mwaka mmoja, baada ya Krismasi, Mzee akaanza kuendesha vibaya. Alfajiri anakwenda mwendo wa mkokoteni. Anainama mbele mpaka kidevu kinakaribia usukani. Jirani yetu mmoja akaja kusema Mzee alikosakosa kumgonga kwenye kona ya mikaratusi. Halafu siku moja ya ukungu akaingiza gari mtaroni. Hakuna aliyeumia, ila maziwa yote yalimwagika na ng'ombe wa watu wakaja kunusa.

Tulipomuuliza alijibu jambo moja tu: "Barabara haionekani siku hizi."

Sisi tukatazamana. Tukasema basi, macho yamekwisha.

Ndugu zangu, ukoo wetu hauna jambo dogo. Likitokea lolote, kikao. Kikao kina mwenyekiti, kina katibu, kina ajenda, kina yatokanayo na mengineyo, utadhani bodi ya shirika. Mwenyekiti ni Baba Mkubwa, katibu ni dada yangu Ndeshi, mwalimu wa sekondari, ambaye muhtasari wake huwa hauna hata kosa la mkato.

Ajenda ya tatu ilikuwa "Afya ya Baba na Usalama Barabarani." Niliiandika mimi.

Niliisoma mimi pia. Nikasimama pale sebuleni mbele ya shangazi, wajomba na wake za watu, nikataja kidevu kwenye usukani, nikataja jirani, nikataja mtaro. Nilijiandaa kama wakili. Hakuna aliyepinga. Muhtasari ukaandikwa: imeazimiwa kwamba kutokana na hali ya macho, Baba asiendeshe tena gari, na funguo zikabidhiwe kwa Elisante.

Elisante ni mimi.

Mzee alitoa funguo kwenye koti, akachomoa ule wa stoo, akabaki nao. Zile za gari akaziweka mezani. Akasema, "Magogo nimeyashusha mlima huu mpaka nimestaafu. Leo nashindwa kushusha maziwa."

Akatoka kwenda kwa ng'ombe. Mama akamfuata na kikombe chake cha chai.

Najua mnachotaka kuuliza. Je, mlimpeleka hospitali ya macho? Hatukumpeleka. Tulikuwa na muhtasari.

Haya. Mimi wakati huo nilikuwa nimehamia Sombetini, kwenye nyumba yangu ambayo haijapigwa hata lipu. Ikawa siku tatu kwa wiki nalala Olmotonyi ili alfajiri niteremshe maziwa kabla sijaenda kazini.

Alfajiri ya kwanza nawasha gari, nawasha taa, natoka getini.

Wakuu, sikuona barabara.

Taa ya kushoto ilikuwa inamulika migomba ya jirani. Ya kulia ilikuwa inamulika matawi ya juu ya mikaratusi, naona majani vizuri kabisa, hata ndege angekuwepo ningemjua jina. Katikati, pale ninapotakiwa kupita, giza. Na kila nikigonga shimo taa zote mbili zinatikisa kichwa, zinapanda zinashuka.

Nikainama mbele. Kidogo tena. Mara nikagundua kidevu changu kiko karibu na usukani.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na macho mazima.

Sasa hapa ndipo mtanitukana, na mnitukane tu. Mtu mwenye akili angerudi siku ile ile akasema, "Baba, samahani, tatizo ni taa." Mimi nilinyamaza. Nilikaa kimya wiki tatu. Nilijiambia nitatengeneza taa kwanza, halafu nitaona la kusema. Ukweli ni kwamba nilisimama mbele ya ukoo mzima nikaongea kwa kujiamini, na sikujua pa kuuweka uso wangu.

Kila nikifika na gari, Mzee yuko barazani. Ananiuliza, "Umefika salama?" Namjibu, "Salama, Baba." Basi. Haulizi zaidi.

Nikaanza safari ya mafundi. Mungu awasamehe mafundi wa mji huu, mimi bado.

Wa kwanza alikuwa fundi umeme pale mjini. Nikamweleza taa hazimuliki barabara. Hakuinama hata kuangalia. Akasema, "Bosi, balbu zako zimechoka, weka kali." Akaweka balbu kali. Alfajiri iliyofuata migomba ya jirani ikawaka kama mchana, na matawi nikayaona mpaka ya mwisho. Barabarani, giza lile lile.

Na sasa madereva wanaokuja mbele wakaanza kunichukia. Kila lori nikipishana nalo, dereva ananiwashia full, ananipigia honi, anatoa mkono dirishani. Mmoja alisimamisha gari kabisa kuniuliza kama nimetumwa.

Nikarudi kwa yule fundi. Akasema, "Basi hapo ni taa zenyewe, bosi. Nunua used." Nilitamani kumng'ata.

Wa pili alikuwa na duka la spea na fundi wake nje. Taa za used, zimetoka Dubai, safi, kioo kinang'aa. Skrubu za kurekebishia hazikuja nazo. "Hizo zinabaki huko huko," anasema, kana kwamba ni jambo la kawaida mtu kusafirisha taa na kuacha kinachoishika. Fundi wake akazifunga kwa waya wa kufungia nondo. Akakuta kabari ya mti nyuma ya ile taa ya kulia, akairudisha hapo hapo alipoikuta, akaikaza kwa nyundo.

Nikamuuliza, "Hiyo kabari ni ya kiwandani?"

Akacheka. Mimi nilikuwa nauliza kweli.

Taa za kwetu za zamani akanitupia kwenye buti. Ashukuriwe kwa hilo tu.

Alfajiri nikaondoka na taa za Dubai. Kwa mara ya kwanza naona barabara! Nikafurahi kama dakika mbili. Halafu likaja gari mbele, dereva akaziba macho kwa mkono, akayumba. La pili hivyo hivyo. Nikasimama pembeni, nikatembea mbele ya gari langu hatua kadhaa, nikageuka kuangalia.

Mwanga wa dimu, ule wa chini, ulikuwa umenyanyuka upande wa kulia wa gari. Upande wa wanaokuja.

Kule zilikotoka wanaendesha kulia. Taa zao zimetengenezwa zinyanyue mwanga ukingoni mwa barabara, na ukingo wao ni kulia. Kwetu sisi huko kulia ndiko kuna macho ya watu. Skrubu yoyote utakayoizungusha haisaidii, maana kosa liko kwenye kioo chenyewe. Hilo sikulijua mimi, hakulijua muuzaji, au alilijua akanyamaza.

Nilipiga teke tairi. Kidole kiliuma siku mbili.

(Naona kuna mdau ameuliza kwa nini sikuendesha mchana tu. Mkuu, maziwa hayasubiri mchana. Hata Mzee aliyateremsha alfajiri hiyo hiyo.)

Wa tatu nilielekezwa na mwenzangu kazini. Alikuwa Maji ya Chai, kule ng'ambo ya Tengeru, kando ya barabara kuu. Jina lake Mzee Shabani, asili ya Kondoa, kofia ya kushona, miwani imefungwa kamba. Karakana yake ni kivuli cha mabati na meza moja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Zima gari, fungua boneti, kaa pale."

Hakuniuliza shida. Alichuchumaa mbele ya gari, akaishika taa kwa vidole viwili, akaitikisa. Ikacheza kama jino la mtoto. Akasema "Aa." Akaanza kufungua.

Akatoa taa za Dubai, akaziweka chini bila kuzisemesha. Akaniuliza za zamani ziko wapi. Nikazitoa kwenye buti. Akazigeuza nyuma, akaniita, "Hebu njoo uone mwenyewe."

Akanionyesha. Taa inashikwa na vitu vitatu. Kimoja ni kifundo, kama goti, taa inazungukia hapo. Viwili ni skrubu ndefu, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Skrubu hizo zinaingia kwenye vinati vya plastiki nyeupe. Vinati vile ndivyo vinavyoivuta taa unapozungusha. Vya kwetu vyote vinne vilikuwa vimepasuka. Plastiki ya zamani inakuwa kavu kama biskuti, ukiivuta kwa nguvu inakatika.

Halafu akachukua ile kabari ya mti. Akaipangusa kwa kidole gumba, akaninyooshea.

"Hii ina rangi gani?"

Nyeupe.

"Na gari?"

Nyeupe. Ile ile, hata mng'ao ule ule.

"Kwa hiyo iliwekwa kabla ya rangi," akasema. "Aliyepaka rangi alizing'oa taa kwa nguvu akavivunja vinati, akachomeka mti, akapulizia rangi juu yake. Nani alipeleka gari hii kupakwa?"

Wakuu, nilikaa chini. Kwenye tairi bovu, pale pale.

Ni mimi.

Ilikuwa zawadi ya Krismasi. Mbele ya gari kulikuwa na kutu, nikataka ukoo wote ukija Mzee aonekane na gari inayong'aa. Nikaichukua, nikaipeleka kwa fundi bodi, nikamwambia ikamilike kabla ya sikukuu hata akikesha. Kila siku nilikwenda kumkimbiza. Mzee alipoiona alizunguka gari mara mbili akiipapasa, akanishukuru mbele ya watu wote.

Na baada ya Krismasi ile ndipo barabara ilipoacha kuonekana.

Mzee Shabani aliniangalia akaona sura yangu. Alisema tu, "Ndivyo ilivyo. Leta chai hapo kwa mama ntilie, tufanye kazi."

Vinati hivyo huwezi kuvipata dukani, alisema, labda ununue taa nzima, na tulishaona taa nzima inavyokuja. Akachukua kipande cha nailoni ngumu, kilikuwa bushi ya mashine fulani. Akakata vipande vinne kwa msumeno wa chuma, akavichonga kwa tupa mpaka vikaingia kwenye matundu ya taa vikakaza. Akatoboa tundu dogo kuliko skrubu. Kisha akaipasha skrubu moto kwenye jiko la mkaa, sio sana, akaizungusha taratibu ndani ya nailoni ili ijikatie njia yake yenyewe. Ikipoa, inashika.

Nusu siku nzima. Kila kinati alikijaribu mara tatu. Zile skrubu zilipozunguka na taa ikainuka kidogo, ikashuka kidogo, bila kucheza, nilimwomba nizungushe mwenyewe.

Akanipa maelekezo ya mwisho. "Hapa kwangu pana mteremko, sitakupimia. Tafuta tambarare, mbele ya ukuta. Kaa hatua kumi. Chora mstari ukutani kwa urefu wa taa, dimu ikate vidole vinne chini ya mstari. Kiti cha dereva kiwe na mtu. Tambarare, kijana. Usinifanyie uhuni."

Nikaondoka kama mfalme.

Sasa ujinga wa mwisho, na huu ni wa watu wa mlimani tu.

Nyumbani Olmotonyi, mbele ya stoo, pana uwanja. Pale wote tunapaita tambarare. Watoto wanacheza mpira pale, mahindi yanaanikwa pale, harusi zote mahema yanafungwa pale. Tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kusema si tambarare.

Na mimi nilitaka kufanya kitaalamu. Nilikuwa najenga Sombetini, kwa hiyo nikaazima kwa fundi wangu ule mpira wa maji wa kupimia levo. Jumamosi jioni, kagiza kameanza kuingia, nikaelekeza gari kwenye ukuta wa stoo, nikamkalisha Mama kwenye kiti cha dereva, nikapima kwa mpira kutoka kwenye taa mpaka ukutani. Maji yakatulia pande zote mbili. Nikachora mstari, nikahesabu vidole vinne, nikazungusha skrubu. Ikakaa sawasawa kabisa. Mzee yuko barazani, anatazama, hasemi neno.

Jumatatu alfajiri nateremka. Taa zinamulika vizuri sana. Zinamulika hatua ishirini mbele, basi. Baada ya hapo giza limekatwa kama kwa kisu. Nilikuwa naona kila kokoto na sioni kona.

Jioni yake nilirudi nimefura. Nikafungua boneti kwa kishindo, nikaanza kuongea peke yangu, nikamsema Mzee Shabani, nikamsema Mjapani, nikaisema nailoni.

Sauti ikatoka barazani. "Gari uliiweka imeinua pua."

Nikageuka.

"Uwanja huu unapanda kuelekea stoo," Mzee akasema. "Mvua ikinyesha, maji yanakimbilia wapi? Huku kwangu. Wewe ukapima kwa maji, mstari wako umenyooka, lakini gari imelalia mkia. Ukazishusha taa zifuate mstari. Sasa barabarani gari imekaa sawa, taa zinaangalia chini. Ulitegemea nini?"

Nilipima baadaye. Uwanja wetu wa tambarare unapanda kama nusu shubiri kutoka mkia wa gari mpaka pua. Miaka yote. Mtu aliyezaliwa mlimani, panapopanda kidogo anaona pamelala.

Nikamuuliza, "Baba, ulikuwa unaniona Jumamosi, na kale kagiza, kutoka hapo ulipokaa. Mbona hukuniambia?"

Akanijibu bila hasira hata kidogo. "Muhtasari unasema sioni."

Wakuu, nimeshapigwa makofi maishani. Hakuna lililonipata kama lile.

Nikamwambia yote palepale. Rangi, kabari, vinati, wiki tatu za kunyamaza. Nilikuwa naongea na bisibisi mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka akavaa kofia.

"Twende kwenye zege," akasema.

Huko chini kuna godauni la zamani la ushirika, la kahawa. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe lilikuwa tupu, limebaki na popo na mlinzi. Mlinzi mwenyewe ni Mwarusha mmoja aliyekuwa utingo wa Mzee kwenye lori la magogo. Alipomwona Mzee alifungua milango yote miwili bila kuuliza kitu, akamshika mkono akabaki nao.

Sakafu ya mle ndani ni zege, na kwa mara ya kwanza mpira wa maji ulikubaliana na gari. Na mle ni gizagiza hata mchana, mwanga ukapigwa ukutani ukaonekana wazi. Nikachora mstari kwa chaki, mwembamba. Mzee akaketi kwenye kiti cha dereva. Mimi mbele na bisibisi.

"Kulia ishushe. Kidogo. Umepitiliza, rudisha. Hapo. Kushoto iko nje, ivute ndani. Bado. Bado. Acha."

Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na ule mstari wa chaki na nilikuwa nauona kwa shida. Yeye alikuwa ameketi hatua kumi nyuma na alikuwa ananirekebisha kwa upana wa unywele.

Tulipomaliza nikampa funguo. Akaziangalia, hakuzipokea.

"Hizo ziliandikwa," akasema. "Ziandikwe tena."

Kwa hiyo, kikao.

Baba Mkubwa alijaribu kuliweka kwenye mengineyo, likapite haraka haraka baada ya chakula. Mzee akakataa. Akataka ajenda yake, yenye namba. Nikasimama sebuleni pale pale, mbele ya watu wale wale. Safari hii sikujiandaa kama wakili. Nikasema taa zilivunjika nilipoipeleka gari rangi, macho ya Baba hayakuwa na kosa, na mimi nilijua kwa wiki tatu nikanyamaza. Shangazi mmoja alisema "Yesu wangu" kwa sauti.

Ndeshi akauliza kama aufute muhtasari wa kwanza. Mzee akasema, "Usifute. Andika huu chini yake."

Akachukua funguo, akarudishia ule wa stoo mahali pake, akatoka nje kuwasha gari. Kulikuwa bado mchana. Aliwasha na taa.

Aliendesha miaka mitano mingine. Hakuna mtaro, hakuna jirani aliyelalamika.

Halafu siku moja alikuja kwangu Sombetini, saa nne asubuhi, bila taarifa. Akaketi, akanywa chai, akauliza habari za watoto. Akatoa funguo, akaziweka mezani.

"Leo alfajiri nilisimama nikashuka nikapima," akasema. "Taa ziko sawa. Ni mimi."

Yeye alikuwa ametulia kabisa, anapuliza chai. Ndeshi alipopata habari akauliza kama aitishe kikao. Mzee akamwambia, "Cha nini? Nimeshaamua."

Alikuwa na mtoto wa jicho. Tulimpeleka akatibiwa, akaendelea kusoma Biblia yake bila shida mpaka alipotuaga. Gari hakuishika tena, na hakuna aliyewahi kumwambia asiishike.

Nilichojifunza ni hiki. Sisemi wazee wote waachiwe usukani, wapo ambao kweli muda umefika. Nasema sisi tulihukumu macho ya mtu bila kukaa kwenye kiti chake hata dakika tano. Angeweza kufa akiamini watoto wake wamemwona hafai, na sababu ilikuwa plastiki ya ukubwa wa kidole, tena niliyoivunjisha mimi.

Wenye ujuzi wa taa za magari ya zamani, karibuni mnirekebishe nilipokosea. Mliowahi kukaa kwenye vikao vya namna ile, semeni nanyi mlivyoamua, hata kama haipendezi.

Na wewe mdau wa jana, kabla hujaandika ajenda. Kesho saa kumi na moja alfajiri panda gari ya mzee wako, kaa kwenye kiti chake, washa taa, uteremke barabara anayoteremka yeye. Kisha rudi hapa utuambie umeona nini.